Rubani Aliyeandika Kitabu: Maisha ya Beryl Markham

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Nansio na visiwa vya Ukerewe

  Maneno yaliyochapwa hapa ni yale yale mliyoyasikia katika redio. Tumeyachapa ili kila mmoja apate kuyasoma mwenyewe, polepole, kwa macho yake. Asiyejua neno asione haya. Aulize jirani yake au amwulize mwalimu.

Leo tutazungumza juu ya mtu aliyefanya kazi mbili ambazo si kawaida kukaa pamoja. Kazi ya kwanza ni kuendesha eropleni. Kazi ya pili ni kuandika. Mtu huyo alikuwa mwanamke, jina lake Beryl Markham. Labda mtasema, "Habari za marubani zatuhusu nini sisi wavuvi na wakulima wa Ukerewe?" Zinatuhusu, na sababu mtaiona mapema, maana kitabu chake kinaanza na safari ya kuja huku huku kwetu, katika ziwa letu.

1. Eropleni zilivyofika Mwanza

Kwanza tujue mambo yalivyokuwa zamani zile. Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways ilianza kuleta barua kutoka London mpaka Afrika kila juma. Mwisho wa safari hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza. Barua zilisafiri kwa vipande vipande: hapa kwa eropleni, pale kwa treni, kisha tena kwa eropleni. Nyingine zilikuwa eropleni za majini, zenye tumbo kama la mashua, ambazo hutua juu ya maji na kuondoka juu ya maji. Ndiyo maana ziwa kubwa kama hili lilifaa sana. Mwaka uliofuata, 1932, safari hizo zilisogezwa mbele mpaka Cape Town, Afrika ya Kusini.

Kwa hiyo msidhani kwamba habari za angani ni habari za nchi za mbali tu. Ziwa letu lilikuwa mojawapo ya milango ya kwanza ya eropleni katika Afrika ya Mashariki.

2. Mtoto wa Njoro

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Jina la baba yake lilikuwa Charles Clutterbuck. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi aliletwa Kenya. Siku zile za ukoloni Wazungu walikuwa wakipewa mashamba makubwa katika nchi ya milimani, na wenyeji ndio waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba hayo. Baba yake alipata shamba Njoro, akafuga farasi wa mashindano na kusaga nafaka. Mama yake hakukaa. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na mtoto akabaki na baba.

Baba alikuwa na kazi nyingi, basi mtoto alilelewa zaidi na watu wa pale shambani. Alicheza na watoto wa Kiafrika, akajifunza Kiswahili na lugha ya wenyeji wake, akafuatana na wanaume kwenda kuwinda kwa mkuki. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Mkumbuke sana jina hilo, tutarudi kwake.

Shule Beryl hakuipata sana. Alipelekwa Nairobi kusoma, lakini hakudumu, akarudishwa nyumbani. Alichokijua kwa hakika ni farasi. Ukame ulipoharibu mali ya baba yake, baba akahama nchi akaenda Peru, Amerika ya Kusini. Binti akabaki peke yake, umri wake kama miaka 18. Hakukaa kulia. Alichukua leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, naye ndiye mwanamke wa kwanza katika Kenya kuipata leseni hiyo.

Simameni hapa kidogo. Mwalimu amwulize mwanafunzi mmoja: Beryl alipata elimu yake wapi? Shuleni, au mahali pengine?

3. Kujifunza kuruka

Rubani aliyemfundisha Beryl aliitwa Tom Campbell Black. Mwaka 1931 Beryl alipata leseni yake ya kwanza. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza kwa eropleni ndogo. Mwaka 1933 alipata leseni kubwa zaidi, ile inayomruhusu rubani kuchukua abiria na mizigo kwa malipo. Katika Kenya hakuna mwanamke aliyemtangulia kwa leseni hiyo.

Kazi hiyo haikuwa salama. Mwezi Mei 1931 rafiki yake mmoja, Denys Finch Hatton, alianguka na eropleni yake huko Voi akafa, pamoja na mtumishi wake. Beryl alikuwa amealikwa katika safari hiyo, lakini mwalimu wake alimshauri asiende, naye akasikia. Nanyi mnaovuka maji mnayajua mambo haya: kuna siku mtu mwenye uzoefu hutazama mawingu na kusema, "Leo tusitoke." Mwenye kusikia hubaki hai.

Kazi yake ilikuwa kuchukua barua, abiria, wagonjwa na vyakula kupeleka mahali ambapo barabara hazikufika. Tena alilipwa na wawindaji kuwatafutia tembo kutoka juu, kisha awaonyeshe walipo. Kazi hiyo leo hatuwezi kuisifu, maana tumekwisha kuona jinsi tembo walivyopungua. Lakini siku zile ilikuwa na malipo makubwa, na yeye mwenyewe ameiandika bila kuificha.

4. Mtungi wa hewa kwenda Nungwe

Sasa tufike kwetu. Ng'ambo ya maji, upande wa Geita, magharibi ya Mwanza, kuna mahali paitwapo Nungwe. Msipachanganye na Nungwi ya Unguja. Nungwe hii iko kando ya ziwa letu, na katika miaka ya 1930 palikuwa na machimbo ya dhahabu. Mwezi Juni 1935 palikuwa na mchimbaji mgonjwa sana, aliyehitaji oksijeni. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa inayotupa uhai tunapovuta pumzi. Hospitali huiweka katika mtungi wa chuma kwa ajili ya mtu ambaye mapafu yake yameshindwa kazi.

Ujumbe ulifika Nairobi. Beryl akapakia mtungi katika eropleni yake, akaruka usiku, peke yake. Hakukuwa na taa za miji chini yake, wala mtu wa kumwongoza kwa simu ya upepo. Alikuwa na ramani, dira, saa na masikio ya kusikiliza injini.

Baada ya safari, rubani hana budi kuandika katika daftari lake. Daftari hilo lina safu, kama daftari la duka. Beryl aliandika hivi:

Tarehe: 16 Juni 1935.
Aina ya eropleni: Avro Avian.
Alama yake: VP-KAN.
Safari: Nairobi mpaka Nungwe.
Muda: saa 3 na dakika 40.
Rubani: mwenyewe.
Maelezo mengine: hakuandika kitu.

Tazameni daftari hilo vizuri. Ni mistari michache tu, lakini mistari hiyo ndiyo iliyozaa kitabu. Miaka kadhaa baadaye, alipokuwa mbali sana na hapa, Beryl alianza kuandika habari za maisha yake, na safari aliyoitanguliza ni hii ya Nungwe. Ile nafasi aliyoiacha wazi katika daftari ndiyo aliyoijaza katika kitabu: giza, hofu, sauti ya injini, watu waliokuwa wakimngoja.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kutoka Nairobi mpaka Nungwe, ukipiga mstari ulionyooka, ni kilomita kama 550. Yeye alitumia saa 3 na dakika 40. Je, alikuwa akienda kilomita ngapi kwa saa? Fanyeni wenyewe kwanza. Jibu ni kama kilomita 150 kwa saa. Mnaona? Aliyekufa zamani, hatukumwona wala kumsikia, na bado twaweza kukagua mwendo wake, kwa sababu aliandika tarehe, mahali na muda.

Basi mvuvi naye anaweza kufanya vivyo hivyo: tarehe, mahali alipotega, muda, kilo za sato au dagaa, bei aliyouza, deni lililobaki. Mkulima wa pamba, vilevile. Siku ya ugomvi wa hesabu, daftari husema wakati mdomo umeshindwa.

5. Kuvuka Bahari ya Atlantiki

Safari iliyompa Beryl sifa duniani ilikuwa ya mwaka 1936. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa eropleni. Mwanamke wa Marekani, Amelia Earhart, aliivuka peke yake mwaka 1932, akitoka Amerika kwenda Ulaya. Lakini kutoka Ulaya kwenda Amerika ni kazi ngumu zaidi. Sababu yake ni upepo. Katika sehemu ile ya dunia upepo huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki. Mwenye kwenda magharibi hupambana nao usoni njia nzima. Petroli inaliwa zaidi na saa zinaongezeka. Nanyi mliopiga makasia mkikabili upepo mnajua maana yake.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, katika eropleni iitwayo Vega Gull, ambayo hakuwa nayo mwenyewe bali aliazimwa na mkazi mmoja wa Kenya. Ndani yake palijazwa matangi ya petroli. Hakuwa na simu ya upepo. Aliruka usiku kucha katika mvua na upepo mkali. Tangi moja likiisha, alilazimika kufungua lingine, na katika kubadili huko injini ilizimika gizani, akashuka karibu na maji kabla haijawaka tena.

Kesho yake, alipokwisha kuiona nchi kavu ya Kanada, injini ilianza kukohoa. Petroli ilikuwamo katika tangi la mwisho, lakini barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi hilo. Chukua dumu lililojaa mafuta, toboa tundu moja tu, uone: mafuta hutoka kwa shida, kwa sababu hewa haiingii kujaza nafasi yake. Ndivyo ilivyokuwa. Eropleni ilishuka katika kinamasi huko Nova Scotia, pua ikazama katika matope. Beryl aliumia kichwani, lakini alitoka akitembea kwa miguu yake. Alikuwa angani zaidi ya saa 21.

Alikusudia kufika New York, hakufika kwa eropleni ile. Lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua njiani. Katika mwezi huo huo mwalimu wake, Tom Campbell Black, alikufa Liverpool, eropleni yake ilipogongwa na nyingine uwanjani.

6. Kitabu na ubishi wake

Mwaka 1939 Beryl alihamia Marekani. Mwaka 1942 kitabu chake kilitoka, jina lake kwa Kiingereza West with the Night. Waliokisoma walikisifu, lakini ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na watu walikuwa na mawazo mengine. Kitabu kikasahauliwa. Majarida ya Marekani yalichapa pia hadithi fupi kwa jina lake, nyingine za kweli, nyingine za kubuni.

Baadaye alirudi Kenya, akashika tena kazi yake ya farasi, akawa mmoja wa walimu mashuhuri wa farasi wa mashindano katika nchi hiyo. Alipozeeka hakuwa na mali. Ndipo likatokea jambo la ajabu. Mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuwa amemwandikia barua mhariri wake mwaka 1942, akisema kwamba Beryl ameandika vizuri kuliko yeye mwenyewe. Hemingway alikufa mwaka 1961. Barua ile ilisomwa na watu miaka mingi baadaye, wakatafuta kitabu, wakakiona, wakakichapa tena mwaka 1983. Safari hii kikauzwa sana. Bibi kizee wa miaka 80 na zaidi, anayekaa Nairobi, akapata fedha na sifa za kazi aliyoifanya miaka 40 nyuma. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Lakini sifa zilikuja pamoja na ubishi. Wako waliosema, "Mwanamke huyu hakusoma sana. Atawezaje kuandika hivi? Bila shaka aliyeandika ni mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ambaye kazi yake ilikuwa uandishi." Wengine walijibu kwamba sehemu za kitabu zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa wachapaji kabla Beryl hajakutana na bwana huyo, na kwamba kazi ya mume ilikuwa kusahihisha tu. Vitabu vizima vimeandikwa juu ya ubishi huu, upande huu na upande huu.

Jambo hili lawahusu ninyi kuliko watu wengine wote. Wangapi kati yenu mmewahi kumwendea mtu awaandikie barua? Ninyi mlisema, yeye akaandika. Barua ilipofika, mlikuwa na hakika gani kwamba maneno yale ni yenu? Na kama aliongeza neno au alipunguza, mlijuaje? Mtu asiyejua kuandika hutilia mashaka karatasi yake mwenyewe. Na mtu mwenye elimu kidogo, hata akiandika vizuri, wako watakaosema ameandikiwa. Dawa ya maneno hayo ni moja: andika kwa mkono wako, weka tarehe, hifadhi karatasi. Waliomtetea Beryl walitegemea hasa barua na tarehe.

7. Yule ambaye hakuandika

Sasa turudi kwa arap Ruta. Alikua pamoja na Beryl, akamfanyia kazi katika mazizi ya farasi, kisha katika kazi ya eropleni. Kitabu kinamsifu kwa uaminifu na akili zake. Lakini yote tunayoyasoma juu yake katika kitabu kile yamepita katika kalamu ya Beryl. Yeye aliona nini? Alifikiri nini juu ya rafiki wa utotoni aliyekuja kuwa bwana wake? Mtoto wa Kizungu alikua akawa mwenye kutoa amri, na mtoto wa Kiafrika akawa mwenye kuitika. Jambo hilo lilikuwa na pande mbili, na upande mmoja tu ndio uliochapwa.

Hii ndiyo hasara ya kutokuandika. Mtu asiyeandika habari zake, wengine watamwandikia. Pengine watamwandika kwa upendo, pengine kwa dharau, lakini si yeye atakayechagua.

Hapa Ukerewe tuna mfano wa mtu aliyekataa hasara hiyo. Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliona kwamba desturi za Wakerewe zinaanza kusahauliwa. Akaandika kitabu kikubwa cha hadithi, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka na watoto wao. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapaji. Akakaa akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapwa mwaka 1980, na mwaka 1981 Mzee Kitereza akafariki.

Mlinganishe wawili hawa. Kitabu cha Beryl kilisahauliwa miaka 40, kikafufuka. Cha Mzee Kitereza kilingoja miaka 35 kabla ya kuchapwa. Mmoja aliandika habari za angani, mwingine habari za nyumbani, za kilimo, uvuvi, ndoa na kuzaa. Wote wawili walijua jambo moja: maneno yaliyoandikwa yana subira. Huweza kumngoja msomaji mpaka azaliwe.

Maneno ya kujifunza

Rubani: mwendeshaji wa eropleni au chombo cha majini.
Dira: chombo cha kuonyesha upande wa kaskazini.
Oksijeni: sehemu ya hewa inayotupa uhai.
Mhariri: mtu anayesahihisha na kutengeneza maandishi kabla ya kuchapwa.
Kinamasi: mahali penye maji na matope, pasipokauka.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini ni vigumu zaidi kuruka kutoka Ulaya kwenda Amerika kuliko kurudi?
2. Petroli ilikuwamo katika tangi. Kwa nini injini ilizimika?
3. Taja mambo matano ambayo Beryl aliandika katika daftari lake juu ya safari ya Nungwe.
4. Kama arap Ruta angeandika kitabu, ungependa kumwuliza nini? Zungumzeni wote.

Kazi ya kufanya nyumbani

Kila mmoja achukue ukurasa mmoja wa daftari, apige safu sita: tarehe, kazi, mahali, muda, mapato, maelezo. Aujaze kwa siku saba. Safu ya mwisho msiiache wazi kama Beryl alivyoiacha. Andikeni japo maneno mawili: upepo ulikuwaje, mlikutana na nani, mliogopa nini. Juma lijalo mtasomeana darasani kwa sauti, kila mtu ukurasa wake mwenyewe.